Springi za nyuma za Land Cruiser pikapu iliyoinuliwa: jani la ziada, bloku, shakeli ndefu au seti nzima?

Mwana_Monduli
Wakuu, habari za leo. Nina Land Cruiser pikapu, toleo la 79 lenye injini ya dizeli ya 1HZ. Mbele nimeshafunga koili za kuinua gari milimita 50. Nyuma bado ni springi zilizokuja na gari, zimechoka, na sasa limekaa pua juu kama mashua inayopanda wimbi. Kazi yake ni kubeba vifaa vya kambi: Natron, Loliondo, mara mojamoja Eyasi. Kila fundi ninayemuuliza ana lake: huyu anasema ongeza jani (bamba moja zaidi la chuma kwenye springi), huyu weka bloku (kipande cha chuma kati ya springi na ekseli), yule refusha shakeli (kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi), mwingine tupa zote ununue seti mpya. Bei zinapishana mno. Nani ameshapita hapa?

Fundi_UsaRiver
Mkuu, weka bei pembeni kwanza. Nyuma unabeba kilo ngapi siku zote, hata gari likiwa limepaki nyumbani? Hilo ndilo swali. Springi za kuinua hutengenezwa kwa uzito wa kudumu. Kampuni kama Old Man Emu, Dobinsons na wenzao wanatoa springi za gari hilohilo kwa madaraja: ya gari lisilo na mzigo, ya mzigo wa kati, ya mzigo mkubwa. Zote unaweza kuambiwa ni "inchi mbili". Ukifunga ya mzigo mkubwa kwenye pikapu tupu, gari litanyanyuka kupita ulivyotaka na litakurusha kwenye kila jiwe. Ukifunga laini halafu ukapakia, zinalala, na zile milimita 50 ulizolipia huzioni tena.

Piga hesabu. Tenki la pikapu hiyo ni lita 130, dizeli ikijaa ni karibu kilo 110. Maji lita 100 ni kilo 100. Hema la juu, friji, betri ya pili, sanduku la spana, tairi la ziada. Watu husahau bampa la nyuma la chuma. Mpaka hapo hujapakia hata kiazi.

Binti_Kigamboni
Nakazia alichosema fundi, ila niongee kuhusu bloku maana nimezitumia kwenye Hilux. Zinainua haraka na kwa bei ndogo, milimita 50 za bloku ni milimita 50 za gari, na ulaini haubadiliki kwa sababu springi ni ileile. Tatizo linakuja unapokanyaga mafuta kwenye kilima chenye mawe. Bloku inaipa ekseli mkono mrefu wa kuisokota springi, kwa hiyo springi inajikunja kama herufi S, difu (gia za katikati ya ekseli) inarukaruka, na krosi, yaani viungo vya propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, zinalika. Springi zikiwa zimechoka tayari kama za kwako ndiyo kabisa. Gari la mjini sawa. Kupanda ukingo wa bonde la ufa na mapipa ya maji nyuma, mimi sitaki.

Na asije mtu akakushauri kupanga bloku mbili moja juu ya nyingine. Zikiteleza, ekseli inahama na gari linakwenda linakotaka.

Kaka_wa_Marsabit
Salamu kutoka huku kaskazini mwa Kenya. Barabara zetu ni mawimbi matupu, na ninachoona kwa mekanika wa hapa ni springi ngumu kupita kiasi ndizo zinavunjika, sio zile laini. Mtu anaongeza jani, anaongeza lingine, gari inakuwa mbao. Jani la juu, lile lenye macho ya bolti kwenye ncha zake, linakatika kwa tundu la senta bolti, ile inayoshika majani pamoja katikati. Hapo mara nyingi hata chuma hakina makosa: yubolti, zile za umbo la U zinazobana springi kwa ekseli, zilikuwa zimelegea. Zikibana vizuri, ile sehemu ya katikati haipindi, na tundu halipati kazi. Zikilegea, tundu ndilo linapinda kila wimbi.

Jani la ziada sio baya ikiwa springi zako bado ziko na nguvu na unataka kubeba kidogo zaidi. Lakini zimechoka, umesema mwenyewe. Jani jipya litabeba mzigo wa wenzake wote. Ukiamua hiyo njia, tafuta jani refu linalofika karibu na macho. Lile fupi linasukuma mahali pamoja tu.

Bi_Maskati
Huku Oman pikapu hizi zimejaa, na wengi wanaotembea mchangani mikono mitupu hupunguza majani badala ya kuongeza. Sikwambii ufanye hivyo, wewe una mzigo. Nasema tu usinunue springi kwa kumtazama mwenzio.

Shakeli ndefu niliziona kwa jirani. Ukiirefusha milimita 100 gari hupanda nusu yake, 50 tu, halafu ekseli inapinduka kidogo na pua ya difu inaelekea juu. Propela ikaanza kutetemeka. Akalazimika kuweka kabari kati ya springi na ekseli ili pembe zirudi.

Mwana_Monduli
Asanteni sana. Nimepita kwenye mizani ya ghala la mahindi la rafiki yangu. Gari likiwa na vitu ambavyo sivishushi kamwe, nyuma limezidi uzito wa pikapu tupu kwa kilo kama 320. Nikienda safari zinaongezeka nyingine 200 hivi.

Na yule mhunzi wa kukunja upya springi za zamani? Anataka hela kidogo mno.

Fundi_UsaRiver
Mhunzi akizitia motoni mpaka ziive nyekundu bila kujua kuzipoza ghafla na kuzirudishia ugumu wake, amekuuzia chuma cha kawaida chenye umbo la springi. Zitalala ndani ya muda mfupi. Achana naye.

Kwa kilo zako, seti nzima ya mzigo wa kati, yenye jani la pili linalokumbatia jicho la jani la juu. Jani la juu likikatika porini, hilo la pili linaishikilia ekseli mpaka ufike.

Kufunga: stendi zikae chini ya chasisi, ekseli ishikwe na jeki, na fanya upande mmoja kwanza ndipo uende wa pili. Yubolti mpya, tafadhali. Za zamani zimeshavutika, na nyuzi zake zimeliwa. Hakikisha kichwa cha senta bolti kimeingia kwenye tundu la kiti cha ekseli kabla ya kukaza, kisha kaza kwa msalaba, kidogokidogo. Bolti za macho na shakeli usizimalize gari likiwa hewani. Lishushe likae kwa uzito wake ndipo ukaze, la sivyo bushi za mpira zitakaa zimesokotwa na zitachanika mapema. Baada ya kilomita 500 rudia yubolti zote. Hakuna anayerudia, ndiyo maana tunakula.

Kaka_wa_Marsabit
Ongeza shokapu za urefu unaolingana. Zile fupi za zamani zitakuwa ndizo zinazuia ekseli kushuka, na zitang'oka. Angalia pia mpira wa breki unaoshuka kwa ekseli: ning'iniza magurudumu uone kama unavutika.

Binti_Kigamboni
Breki umenikumbusha. Mwana_Monduli, chungulia juu ya difu kama kuna kifimbo kinachounganisha ekseli na vali iliyofungwa kwenye chasisi. Vali hiyo hupima nyuma imelala kiasi gani na kugawa breki kwa kipimo hicho. Ukiinua gari inadhani huna mzigo, inapunguza breki za nyuma siku zote. Kama ipo, mwambie fundi ainue kishikio chake cha kwenye ekseli kwa kiasi kilekile gari lilichopanda.

Mwana_Monduli
Nimelala chini ya gari sasa hivi. Kipo.