Mtoto kaingia hospitali na kuhara, katoka na kifua. Eti upepo wa Dodoma!

Wakuu, nina hasira, mnisamehe nikiandika ovyo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimlaza binti yangu wa miaka 6 hospitali moja hapa mjini, anaharisha. Kifua safi, hata kamasi hana. Wodi imejaa, akawekwa kitanda kimoja na mtoto anayekohoa mpaka macho yanamtoka. Eti walale mzungu wa nne, kana kwamba kikohozi kinapita miguuni. Nikalalamika, sista akanijibu, "Baba, vitanda hakuna, vumilia."

Haya, vitanda hakuna. Na madirisha je? Yamefungwa yote, moja limekazwa kwa kamba ya chandarua, kisa baridi na vumbi. Ukiingia alfajiri, joto la pumzi za watu linakupiga usoni.

Alhamisi wangu akaanza kukohoa, homa 39. Daktari wa zamu: "Hali ya hewa hiyo mzee, upepo wa Dodoma." Mimi nimekulia Kizota, upepo wa Julai naujua tangu naenda shule peku. Vumbi linakausha koo na kupasua midomo, ila mafua ni kirusi, unakitoa kwa mtu. Influenza hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya kuipata. Jumatatu, Alhamisi, hesabu mwenyewe. Kama ni influenza au kingine sijui, maana hakuna aliyepima.

Halafu upepo huohuo ndio dawa ya bure tuliyonayo! Shirika la Afya Duniani tangu 2009 limeelekeza wodi inayotegemea madirisha ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Anayekohoa, hata anayeongea tu, anatoa chembe zinazoelea. Surua ndiyo balaa kabisa, mgonjwa anaondoka, kirusi kinabaki hewani hadi saa 2. Nyie mnafunga wodi ya watoto kama ghala la alizeti.

Mikono ndiyo usiseme. Ile ndoo ya koki ya enzi za corona bado iko mlangoni. Nimefunua, ndani kuna mwavuli wa mtu. Nesi anahama kitanda hadi kitanda na glavu zilezile.

Tumeruhusiwa jana. Bili: kitanda siku 6, na dawa ya kikohozi juu. Mama wa yule mtoto mwingine akanionyesha yake, naye kalipishwa kitanda kizima.