Tupeane uzoefu: mradi wa kijiji chenu mliouombea fedha za serikali uliishia wapi?

Boma la Lenta
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimepita kijijini kwetu nikakuta lile boma la zahanati ambalo baba yangu alibebea mawe kichwani bado limesimama pale pale kwenye lenta. Ndani umeota mpapai, na mpapai wenyewe umeshazaa. Nikakumbuka mikutano yote ile ya kupanga vipaumbele, karatasi za manila ukutani, soda za wawezeshaji. Tuliambiwa wananchi fikisheni lenta, serikali itaezeka. Tupeane uzoefu: kwa nani hela ilifika, kwa nani iliishia njiani, na kwa nani ilifika ikawa balaa. Siasa tuziache nje.

Fundi Chokaa
Hela ya serikali halafu siasa tuziache nje. Haya mkuu.

Mama Wawili
Umenikumbusha O&OD, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ile njia ya wanakijiji kujipangia vipaumbele wenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa binti, nikawekwa kundi la wanawake. Mwezeshaji alichora ramani ya kijiji chini ya mwembe kwa majivu: mto, shule, josho, njia ya gulioni. Kila mtu akapewa punje za mahindi aweke kwenye tatizo linalomuuma. Wanawake wote, bibi kwa mjukuu, tuliweka kwenye maji, likawa rundo. Wanaume wakagawana kati ya barabara na ofisi ya kijiji. Tukaenda kula. Kurudi, kuku wamekula maji yote!

Mwenyekiti akang'ang'ana kwamba kwa punje zilizobaki ofisi inaongoza. Tulibishana mpaka giza, bibi mmoja akatishia kuvua kitenge, ndipo maji yakaandikwa namba moja. Mpango ukapanda kata, ukapanda wilaya. Baada ya miaka miwili tukaletewa mradi: matundu sita ya vyoo vya shule, vya kumwagia maji. Maji yenyewe yako kilomita tatu.

Mzee wa Gulio
Kuku wamekula kura 😂😂 nimeamsha nyumba nzima.

Kijana Tofali
Sisi kikundi chetu cha vijana tulipata zile za asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, tukanunua mashine ya kufyatulia matofali. Kwa kweli zilitusaidia.

Fundi Chokaa
Dogo, hiyo si ruzuku, ni mkopo. Asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Haina riba lakini unarudisha.

Kijana Tofali
Kumbe unarudishwa?

Fundi Chokaa
Sasa mnajua kwa nini Aprili 2023 zilisimamishwa.

Upande wa Pili wa Meza
Mimi nimewahi kukaa idara ya mipango kwenye halmashauri moja, acheni niwaambie upande wetu. Vijiji vinaleta mipango yao, kila kijiji kina zahanati, kisima, nyumba ya mwalimu. Unaingiza vyote kwenye mfumo, macho yanauma. Halafu unashuka ukomo wa bajeti. Ukiangalia ukomo, ukiangalia mipango, ni kama mtu amekupa shuka la mtoto ufunike familia. Hapo ndipo maji yanapogeuka vyoo, maana hela iliyopo ni ya vyoo na ina masharti yake. Mama Wawili, pengine ni mimi nilikukata. Samahani.

Mama Wawili
Samahani haichoti maji, kaka yangu.

Mzee wa Gulio
Kuna Mfuko wa Jimbo pia, ule wa sheria ya 2009. Kwetu ulitupatia mabati sitini. Kamati mwenyekiti wake ni mbunge, kwa hiyo mabati yalikuja na picha nyingi kuliko misumari.

Boma la Lenta
Mzee, tulisema siasa...

Jirani wa Namanga
Huku Kenya CDF, mfuko wa jimbo wa kwetu, tunayo tangu 2003 na story ni ile ile, ndugu zangu. Kwetu darasa linapakwa rangi kila mwaka wa uchaguzi. Ni darasa lile lile.

Katibu Mstaafu
Nilikuwa nasoma kimya kimya. Acha leo niliteme.

Juni 2019 nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule na pia katibu wa kamati ya ujenzi, kwa sababu moja tu: nina mwandiko mzuri. Tulikuwa na boma la darasa tumelipandisha kwa nguvu zetu. Tarehe 27 mwalimu mkuu ananipigia, sauti inatetemeka: hela ya umaliziaji imeingia, milioni kumi na mbili na nusu. Kabla sijashangilia akasema, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Tumeambiwa isipotumika inarudi Hazina. Na ili itoke unahitajika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia, pamoja na orodha ya mahudhurio.

Mkutano mkuu unatakiwa kila baada ya miezi mitatu. Wetu wa mwisho sikumbuki ulikuwa lini. Na siku hiyo kijiji kizima kilikuwa msibani, amefariki mzee mmoja mwenye heshima zake. Mtendaji akasema, sasa watu wote si wapo pale? Twendeni.

Ninavyomwona Mungu, tuliomba ruhusa ya familia. Baada ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa kwenye turubai, mwenyekiti akasimama, akatoa pole, akaeleza habari ya darasa, akauliza kama tunaridhia. Watu wakainua mikono. Kikao kilikuwa halali kabisa, watu zaidi ya mia mbili. Shida ilikuwa mahudhurio. Giza linaingia, mvua inanyemelea, watu wanatawanyika. Mtendaji akasema chukueni daftari la rambirambi, majina yote yamo, mtahamisha usiku.

Nikampa kijana wa kidato cha nne anakili kwa koroboi, mimi naandika muhtasari. Saa nane usiku tumemaliza. Asubuhi mtendaji akagonga muhuri, mwalimu akapanda bodaboda, tarehe 29 mabati yamelipiwa. Tukajiona majemedari.

Baada ya miezi kadhaa akaja mkaguzi. Mpole, miwani imeshukia puani. Akafungua faili, akasoma orodha, akanyamaza kwa muda. Akaniuliza, "Katibu, huyu namba moja yupo?"

Namba moja alikuwa marehemu. Jina lake lilikuwa juu ya ukurasa wa daftari kama kichwa cha habari, yule kijana akalinakili na kulipa namba. Na sahihi akaiweka.

Nikasema ni makosa ya uandishi. Mkaguzi akageuza ukurasa. "Na namba arobaini na saba, huyu Maharage Debe Moja, ni mkazi wa kitongoji gani?"

Mzee wa Gulio
MAHARAGE DEBE MOJA 😂😂😂 Mungu wangu nimepaliwa na chai.

Dada wa Uhasibu
Nimecheka mpaka bosi kanigeukia. Mheshimiwa Maharage aliridhia mradi?

Katibu Mstaafu
Aliridhia bila pingamizi. Na Unga Kilo Tano alikuwa namba sitini na mbili.

Raia Mnyoofu
Mnacheka, lakini hiki ni kitendo cha kughushi. Watu kama nyie ndio mnaofanya vijiji vinyimwe hela. Kwa nini hamkufanya mikutano yenu minne kwa mwaka kama sheria inavyotaka?

Fundi Chokaa
Mnyoofu unaishi wapi? Mbezi, Dar? Njoo huku uitishe mkutano wakati wa palizi tukuone.

Raia Mnyoofu
Ninapoishi hapahusiani. Halafu kwa kufikiri kwangu hela ya akaunti ya shule hairudi Hazina kirahisi hivyo, inavushwa mwaka kwa utaratibu. Hawa walitishwa na mtu aliyekuwa na haraka zake.

Upande wa Pili wa Meza
Hilo la kutishana lipo sana. Ila Juni wilayani kila mtu anatishwa na wa juu yake. Ukimuuliza mtu sheria usiku wa tarehe 28 anakuona mchawi.

Raia Mnyoofu
Kwa hiyo unatetea?

Upande wa Pili wa Meza
Naeleza.

Boma la Lenta
Wakuu, naomba turudi kwenye mada, wengine wana uzoefu wao pia.

Dada wa Uhasibu
Mada ni Maharage sasa, pole mwenye uzi.

Mwalimu wa Kichuguuni
Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wakati wa madarasa ya fedha za UVIKO, 2021, milioni ishirini kila darasa, mwisho Desemba. Nchi nzima inajenga madarasa 15,000 kwa mpigo, jamani! Nondo zikapanda, saruji ikapanda, fundi niliyempata alikuwa ameahidi shule tatu. Alikuwa anapiga plasta kwangu asubuhi na kwa jirani jioni. Kwa fosi akaunti, yaani shule kujenga yenyewe kwa fundi wa kawaida bila mkandarasi, unaunda kamati tatu: manunuzi, mapokezi, ujenzi. Mtu wa mapokezi ni mama muuza vitumbua, anahesabu mifuko ya saruji kwa kuchora mistari kwenye mlango wa stoo. Hakukosea hata mfuko mmoja. Aliyekosea ni mimi mwenye shahada, nililipa mchanga kwa mzee wa mkokoteni. Mkaguzi anataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Ya mkokoteni wa punda!

Siku hizi manunuzi ni NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule, nakaa pale na kompyuta mpakato kama nachunga mbuzi.

Mzee wa Gulio
Punda hana EFD, nakazia.

Kijana Tofali
Sasa wakuu, mimi nimeteuliwa kamati ya ujenzi ya zahanati wiki ijayo. Nifanyeje?

Fundi Chokaa
Kataa. Sema unasafiri.

Mwalimu wa Kichuguuni
Kubali, ila usiwe mweka saini benki. Kila mzigo ukishuka piga picha na dereva akiwemo.

Dada wa Uhasibu
Usipige picha, utakuja kuulizwa kwa nini simu yako ina picha za saruji. Andika kwenye daftari moja tu, lisitoke nyumbani kwako.

Mama Wawili
Daftari lisitoke nyumbani, nyumba ikivuja je? Mdogo wangu, tafuta mama muuza vitumbua.

Raia Mnyoofu
Fuata mwongozo. Ni hilo tu.

Fundi Chokaa
Mwongozo una kurasa ngapi na zahanati inaanza lini?

Boma la Lenta
Katibu, hebu tumalizie. Hoja ya ukaguzi iliishaje, na darasa liliisha?

Katibu Mstaafu
Mkaguzi alitupa siku za kujibu. Tukaitisha mkutano upya, mchana kweupe, mjane wa marehemu akasimama akaeleza mwenyewe kilichotokea. Watu wakacheka na yeye akacheka, ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu msiba. Tukaandika maelezo, wajumbe wakasaini, hoja ikafungwa. Mimi nikajiuzulu ukatibu kabla sijaombwa. Darasa lilipauliwa Septemba. Hadi leo watoto wanaliita darasa la Maharage, mwalimu amekataza lakini wapi.

Kijana Tofali
Katibu, naomba nikufuate faragha unitumie mfano wa muhtasari. Ule wa pili, sio wa kwanza.