Bab Zuweila la Kairo: kwa nini lango la vita limebeba minara ya msikiti?

Swali

Bab Zuweila lilijengwa mwaka 1092 kuulinda upande wa kusini wa Kairo, lakini juu ya buruji zake mbili imesimama minara ya msikiti. Je, minara hiyo ilikuwepo tangu mwanzo? Na kama haikuwepo, ni nani aliyethubutu kuitwisha ngome mzigo kama huo?

Jibu la kwanza

Ndugu, minara haikuwepo. Lango ni kazi ya Badr al-Jamali, waziri mwenye asili ya Armenia, ambaye Khalifa al-Mustansir alimwita Misri wakati dola ya Wafatimi ilipokuwa imelemewa na njaa na ghasia za askari. Kwa kuwahofia Waseljuki, Waturuki waliokuwa wakitishia kutoka mashariki, waziri huyo aliupanua mji kupita ukuta wa matofali ya udongo aliouacha Jawhar, jemadari wa Wafatimi aliyeuasisi mji, akajenga kwa mawe Bab al-Nasr na Bab al-Futuh upande wa kaskazini mwaka 1087, kisha hili la kusini. Minara ni ya Sultani al-Mu'ayyad Shaykh, mmoja wa Wamamluki (watawala wa Misri waliotokana na askari watumwa), aliyeanza kujenga msikiti wake ubavuni mwa lango mwaka 1415, mahali palipokuwa na gereza ambamo yeye mwenyewe aliwahi kufungwa. Inasimuliwa kwamba akiwa humo aliweka nadhiri ya kujenga msikiti hapo akinusurika. Kisa kinavutia, ingawa visa vya namna hii huwapendeza mno watawala.

Jibu la pili

Naongezea juu ya mzigo. Buruji hizo zimejazwa mawe hadi takribani theluthi mbili ya kimo chake, na vyumba vya askari viko juu tu, kwa hiyo fundi wa minara alipata msingi ulio tayari. Isitoshe, kufikia wakati huo lango halikuwa tena mpaka wa mji. Makazi yalikwisha kuenea kusini, na kuta alizoanza kuzijenga Salahuddin mwaka 1176 zilikusudiwa kuizingira Kairo pamoja na Fustat, mji mkongwe ulio kusini yake. Lango likabaki ndani, likawa mahali pa kuonyeshea mamlaka: mwaka 1260 vilitundikwa hapo vichwa vya wajumbe wa Wamongolia, na mwaka 1517 Waothmani wakamnyongea hapo Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki.

Jibu la tatu

Nakubali, ila tusilione kama kitako cha minara tu. Nyuso za buruji ni za mviringo, tofauti na zile za mraba za Bab al-Nasr, na ukuta usio na pembe humnyima adui mahali pa kujibanza asionekane na wapiga mishale. Itazameni pia milango yenyewe, ya mbao nzito zilizofunikwa mabamba ya chuma: wenye maumivu ya jino walikuwa wakipigilia humo misumari na kupachika meno yao, wakimwomba al-Mitwalli, walii aliyeaminika kukaa nyuma ya mlango. Ndiyo maana wakazi wengi waliliita lango hili Bab al-Mitwalli.