Do the Right Thing: wahakiki waliliona dirisha, maiti wakairuka

Wakuu, hadi leo uhakiki wa filamu hii ya Spike Lee ya 1989 unaanza na swali lile lile: je, Mookie, kijana Mweusi anayesambaza pizza, alifanya sawa kurusha pipa la taka kwenye dirisha la duka la pizza la bosi wake, Sal? Swali la kipuuzi. Limeruka kipande chenye maiti.

Fuateni mpangilio wa matukio. Radio Raheem, kijana Mweusi wa mtaa huo, anaingia kwenye duka la pizza, redio yake inanguruma. Sal anachukua gongo la besiboli, anaivunjavunja redio. Raheem anamkaba koo, ugomvi unahamia barabarani. Polisi wanafika, mmoja anamkaba Raheem shingo kwa rungu mpaka miguu inaning'inia. Mwenzake anamwambia inatosha, hasikii. Raheem anakufa, mwili unapakiwa garini, wanaondoka nao. NDIPO Mookie anashika pipa. Ukianzia kwenye pipa unabaki na ghasia zisizo na chanzo, halafu unamwita Lee mchochezi.

Na walimwita. Joe Klein na David Denby, wote wa jarida la New York, waliandika wakihofia watazamaji Weusi wangefanya nini wakishaiona. Filamu ikatoka, majira ya joto yakaisha, ghasia zile hazikutokea. Yaani mtu Mweusi akikata tiketi hawezi kutofautisha filamu na barabara? Huo si uhakiki, ni dharau. (Si wote: mhakiki Roger Ebert aliitetea tangu tamasha la filamu la Cannes.)

Hata gongo lenyewe hawakulisoma. Desemba 1986, Howard Beach, mtaa wa Queens jijini New York, kundi la vijana weupe lenye magongo liliwashambulia Weusi waliokuwa wameingia kwenye duka la pizza. Michael Griffith akakimbilia barabara kuu, gari likamuua. Ndiyo maana umati kwenye filamu unapaza sauti kutaja Howard Beach.

Suala la tabaka nalo wakalimezea ndani ya neno "ubaguzi". Sal ana picha za Wamarekani wenye asili ya Italia tu ukutani, na hoja yake ni kwamba duka ni lake. Buggin' Out, mteja Mweusi, anamjibu kwamba wanaokula pale ni Weusi. Ule ni ugomvi wa mwenye mali na mwenye kulipa! Wazee watatu wa kona wanawaangalia Wakorea wenye duka la vyakula wakijiuliza kwa nini wao hawana lao. Clifton, mzungu mwenye fulana ya Boston Celtics (timu ya kikapu), ameshanunua nyumba mtaani humo.

Asubuhi baada ya ghasia Mookie anamdai Sal mshahara wa wiki, dola 250, wahakiki wakamwona hana utu. Sal analilia duka lililochomwa. Mookie anamwambia bima italipa, dirisha si kitu, Raheem amekufa. Jibu lao limo ndani ya filamu yenyewe!

Tuzo za Oscar zikamteua Danny Aiello, aliyecheza Sal, na mswada wa Lee. Filamu bora hata haikuteuliwa. Ikashinda Driving Miss Daisy, ya bibi mzungu na dereva wake Mweusi.

Mwenye uhakiki wa 1989 uliomtaja Raheem kabla ya pipa, auweke hapa.