Uzio wa Aberdare: nani alipe kuutunza?

Hoja: Uzio wa umeme unaozunguka msitu wa Aberdare, Kenya, una kama kilomita 400. Shirika la hisani la Rhino Ark na KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) waliujenga kuanzia 1989 hadi 2009, wahisani wakichangia. Wahisani hupenda kujenga; kufyeka majani hakuna utepe wa kukata. Je, matunzo yalipwe na serikali, wahisani au wanaokunywa maji ya msitu ule?

Fundi: Kwanza tuijue bili. Tuseme askari mmoja wa uzio anapewa kilomita 4: hao ni watu 100. Kila mmoja akilipwa sh. 15,000 kwa mwezi, ni milioni 18 kwa mwaka, na betri ya sola hujanunua. Wanatembea, wanafyeka, wanakaza waya, wanapima volti. Majani mabichi yakigusa waya, umeme unavuja. Mvua ikishayakuza, volti 6,000 zinashuka na ndovu anajua. Huukata waya kwa pembe, kwani pembe haipitishi umeme vizuri, au huuangushia mti. Kiangazi udongo ukikauka, ethi (waya unaorudisha umeme ardhini) nayo inalegea. Pabaya zaidi ni mto unapokatiza uzio: mafuriko ya usiku mmoja yanaacha pengo. Na waya ulioibwa hurudi msituni ukiwa mtego.

Mhasibu: Umesahau uchakavu, ndugu. Nguzo zikiwa kila mita 10, ni 40,000. Zikidumu miaka 20, unabadilisha 2,000 kila mwaka, ndovu awepo asiwepo. Wahisani wachangie mfuko wa kudumu basi, unaotumia faida tu, lakini tusidanganyane: kwa faida ya 4% baada ya mfumuko wa bei, mishahara hiyo pekee inataka mtaji wa milioni 450.

Mteja wa maji: Ndakaini na Sasumua, mabwawa ya Nairobi, yanajazwa na mito ya Aberdare. Ada ndogo kwenye bili ya maji ina mantiki kuliko kungoja wahisani.

Mhasibu: Ikiingia kapu kuu la serikali, imepotea. Iwe na akaunti yake, ilipwe kulingana na kilomita zilizopimwa volti.

Mkulima: Mahindi yanayookolewa ni yetu, kwa hiyo nasi tuchangie. Turuhusiwe kukata nyasi za upande wa nje bure, tulishe ng'ombe. Siku za kufyeka zitapungua.

Fundi: Sawa, ila laini izimwe kwa zamu, kipande kwa kipande, na mchana tu. Ikisahauliwa kuwashwa jioni, mahindi hayo ndiyo ya kwanza kuliwa.