Vitz: AC inapuliza kinyonge, fundi anataka kujaza gesi. Nianze na filta mwenyewe?

Mtu wa Vumbi:
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Vitz ya 2008, naishi Goba kule ndani ambako lami haijafika. Mwezi wa pili sasa AC inapuliza kinyonge. Feni nikiiweka mwisho inaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini upepo unaonifikia ni wa mtu anayepoza uji. Asubuhi nikiwasha kuna harufu ya soksi mbichi.

Fundi kafungua boneti, kachungulia dakika mbili, kasema gesi imeisha, nilete 80,000. Jirani ananiambia huenda ni filta ya AC, na kwamba naweza kuibadilisha mwenyewe. Bisibisi mimi naijua kwa kufungulia redio tu. Naombeni ushauri.

Baba Nuru:
Mkuu, usitoe hela bado. Huo upepo kidogo unaotoka ni wa baridi au wa vuguvugu?

Mtu wa Vumbi:
Wa baridi. Nikiweka mkono kwenye tundu nasikia ubaridi kabisa.

Baba Nuru:
Basi gesi ipo. Gesi ikipungua, upepo huja mwingi ila haupoi. Wako unapoa ila haufiki, kwa hiyo kuna kitu kimeziba njia. Anza na filta. Kuhakikisha ni rahisi: itoe, washa feni dakika moja bila filta, sikilizia. Upepo ukirudi, umeshampata mchawi. Ila usiendeshe hivyo siku nzima, vumbi lote litaenda kuganda kwenye evaporeta (kile kipoza hewa kilichojificha ndani ya dashibodi), na kuisafisha hiyo si kazi ya bisibisi.

Shangazi wa Kibaha:
Mdogo wangu, hata hiyo bisibisi iache ndani. Mimi nabadilisha mwenyewe mwaka wa nne huu, na kucha zangu ziko salama.

Zima gari. Fungua ile droo ya dashibodi upande wa abiria, toa makorokoro yote (kadi za bima za tangu enzi hizo, najua zimo). Shika kuta za droo kulia na kushoto, zibane kuelekea ndani mpaka vizuizi viachie, droo itaning'inia chini. Magari mengine yana kijiti pembeni kinachoizuia isidondoke kwa kishindo, kichomoe taratibu, kikivunjika droo itakuwa inakuangukia magotini kila ukifungua. Nyuma yake utaona kifuniko cha plastiki chembamba kilicholala. Bana klipu za pembeni, vuta. Filta ndiyo hiyo.

Ivute ikiwa imelala hivyo hivyo. Ukiinamisha, uchafu wote unamwagika kwenye feni. Na uangalie mshale kabla hujaitoa: mpya ikiwa na neno UP, mshale wake uelekee juu.

Kijana wa Gereji:
Kwani lazima anunue? Apulize na kompresa tu, arudishe.

Shangazi wa Kibaha:
Ile ni karatasi, mwanangu. Upepo wa kompresa unaitoboa, na iliyoganda weusi haitoki kwa kupulizwa. Kuiosha ndiyo usithubutu.

Baba Nuru:
Naongezea: nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Za Toyota nyingi namba yake inaanza na 87139, soma pembeni. Usiseme tu "filta ya hewa", utapewa ya injini. Vitabu vingi husema ubadilishe kila kilomita 15,000 au zaidi, lakini kwa barabara yako ya Goba mimi ningechungulia kila baada ya 7,000. Na ukiwa nyuma ya lori la kokoto, bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.

Mtu wa Vumbi:
Wakuu nimerudi. Dakika ishirini, na kumi na tano kati ya hizo nilikuwa nabishana na droo. Filta ilikuwa nyeusi tii, juu yake majani makavu ya mwarobaini (napaki chini yake) na kipande cha godoro ambacho naamini kililetwa na panya. Nimenunua mpya kwa 18,000. Upepo sasa namba mbili tu unatosha. Shangazi, Mungu akuzidishie. Ila harufu ya soksi imebaki kidogo.

Shangazi wa Kibaha:
Hiyo ni ukungu kwenye evaporeta. Ukikaribia nyumbani zima AC, feni iache izunguke dakika tatu nne ikauke. Ikigoma baada ya wiki mbili, hapo tafuta fundi wa AC aisafishe, na asiwe yule. Na uhamishe gari kwenye huo mwarobaini.

Mpita Njia:
Samahani kuingilia, mimi nimefungua ya kwangu kama Shangazi alivyoelekeza na ndani hamna filta kabisa, tundu tupu. Ndivyo ilivyotoka Japani au kuna mtu kanitolea?

Baba Nuru:
Yote mawili yanawezekana. Tuma picha ya hilo tundu.