JABIA LETU SIYU (kikundi cha mtaa, tangi letu la maji ya mvua)

*Jumatatu*

07:12 Swabra: Assalaam alaykum jamaa. Fomu ya fedha za tabianchi za wadi mwisho Ijumaa, ofisi za kaunti Mokowe. Yatakikana karatasi mkononi, si picha ya simu.

07:14 Swabra: Vinavyotakikana: cheti cha kikundi, PIN ya kodi ya KRA, kumbukumbu za mkutano zenye saini, barua ya chifu, karatasi ya ardhi ya jabia. Cheti ninacho. PIN anayo Athman.

07:14 Swabra: Athman

09:40 Swabra: Athman???

11:02 Fumo: Athman yuko baharini. Atarudi na PIN au na kamba, kimoja hakosi 😂

11:05 Zaituni: Akirudi na kamba mimi wa kwanza

11:09 Swabra: Chekeni. Masika yakiingia nyufa za sakafu hazijazibwa, mvua yote itaishia mchangani tena. Tangi halitajaa na visima mwavijua, ni chumvi tupu.

13:30 Said Maskati: Waalaykum salaam. Na Mfuko wa Usawazishaji je? Katiba ya 2010 kifungu cha 204 imesema nusu ya asilimia moja ya mapato, kwa maji, barabara, afya na umeme. Lamu tumo. Tena ni miaka 20 tu, 2030 hiyo yaja.

13:34 Swabra: Zile hazina fomu ya kikundi Said, hupangwa huko juu. Hizi zina fomu. Wewe tutumie nauli ya boti.

15:20 Fumo: Maskati mtandao umekatika 😂

16:02 Kassim: Naona mwaomba nyingine. Simenti ya tangi la skuli ilikwenda wapi?

16:03 Swabra: Kassim, si yeo

16:05 Kassim: Yeo ndiyo. Kwenye kamati mlinitoa, sawa. Lakini mifuko niliihesabu mimi Mtangawanda ikishushwa. Iliyofika skuli si ile.

16:06 Zaituni: *Ujumbe huu umefutwa*

16:06 Fumo: Nimeshausoma 👀

16:11 Kassim: Na fomu tumezizoea. Mahakama ilitaja shilingi bilioni 1.76 za wavuvi kwa ajili ya bandari ya Lamu, 2018. Tulijaza fomu hadi wino ukatuishia.

17:45 Maalim Badi: Turudi kwenye jambo. Karatasi ya ardhi haipo, pale ni wakfu. Wenye wakfu waandike idhini, chifu ashuhudie.

17:48 Swabra: Ndiyo namtaka Mzee Shee atie saini. Mwana, msomee Mzee fomu kwa ufupi. Sehemu ya mchango wetu nimeweka mchanga, kokoto na nguvu za vijana. Ya matengenezo nimeweka shilingi 5 kila mtungi.

19:26 Mwana: Mzee asema niandike kama alivyosema:

19:27 Mwana: "Wakfu ule babangu aliuweka kwa kunywa. Mtu anywe, punda anywe, mgeni na mwenyeji. Idhini nitatoa. Lakini maji ya jabia hayauzwi na mimi ni hai. Futeni hilo la mtungi, ndipo mlete kalamu. Na aniletee Kassim, si mtu mwingine."

20:15 Kassim: Labeka Mzee.

20:40 Swabra: Tumesikia Mzee. Lakini pasipo mpango wa matengenezo watatuweka kando. Kizingitini wameshaandika ada.

20:44 Maalim Badi: Andika mchango wa kila nyumba kwa mwaka. Mchango si bei.

20:45 Swabra: Michango ya mtaa huu naijua Maalim. Daftari ninalo mimi.

21:50 Athman: Simu ilikuwa haina chaji. PIN ipo. Mkutano ni lini?

21:51 Swabra: Mkutano ulikuwa juzi Athman. Wewe ndiye uliyefungua kwa dua.

21:52 Fumo: 😂😂😂 dua ilikuwa ndefu, alilala

*Jumanne*

06:30 Swabra: Watia saini watatu, leo kwangu baada ya Dhuhuri. Na nani atapanda boti Alhamisi? Nataka jina, sitaki 👍

06:31 Fumo: 👍

08:10 Said Maskati: Nauli nimetuma. Ya kwenda. Ya kurudi mwisho wa mwezi inshaallah.

10:20 Swabra: Kassim, umekwenda kwa Mzee?

10:58 Kassim: Nipo kwake. Ataka fomu yote isomwe neno kwa neno kabla ya kalamu. Ni kurasa ngapi?

10:59 Swabra: 14

11:03 Zaituni: Athman, kamba bado wapo?